Nyumba ya fundi wa reli ambayo haimo kwenye kitabu cha patwari, karani wa ardhi wa kijiji: kisa cha mji mmoja mdogo Punjab

Majina nimetoa, mji siutaji, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili hata jirani akisoma asijue ni nyumba gani. Mlolongo wenyewe ni vile ulivyokwenda. Naandika kwa sababu kila mwaka napata watu wawili watatu, wengi wa Nairobi na Kisumu, mmoja mmoja wa Uingereza, na swali ni lile lile, babu alikuwa na nyumba Punjab, makaratasi tunayapata wapi? Na karibu wote huwa wameshaanzia ofisi isiyo yenyewe, wameshaliwa pesa, ndo wananitafuta.

Familia

Mzee B. ana miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili chake ni cha gereji, yaani ukiwa umefumba macho utasema ni mtu wa Gikomba. Babu yake alikuja na reli. Ile reli ya Mombasa hadi ziwani ilianza 1896 ikafika Kisumu 1901, ikajengwa na vibarua wa mkataba zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India ya Mwingereza, wengi wao Wapunjabi, na karibu 2,500 hawakurudi wala hawakubaki, walizikwa au kuchomwa njiani. Mkataba ulipoisha wengi walipanda meli kurudi kwao. Huyu babu akabaki. Alikuwa seremala, Mramgarhia, yaani Singasinga wa jamii ya mafundi, ndo hao watu wetu wakaja kuwaita kalasinga, na mpaka leo ukisema fundi kalasinga mtu mzima anajua unamaanisha nini, kazi safi na bei haishuki.

Pesa alikuwa akituma kwao, na miaka ya 1920 akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya mji, marla 7 hivi. Marla ni kipimo cha huko, 20 ni kanal moja, kanal 8 ni ekari moja, kwa hiyo marla moja ni kama mita za mraba 25. Alifia Nairobi 1949, akaacha watoto wawili wa kiume. Mmoja ndo baba yake Mzee B., alikaa Kenya akafariki 1978. Mwingine alibaki Punjab kwenye ile nyumba, akafa bila mtoto, akaacha mjane. Huyo mama mjane aliishi pale peke yake miaka mingi, Mzee B. akimtumia hela ya dawa, na alipofariki 2017 ndo kisa kikaanza.

Mji, na ofisi zake mbili ambazo hazisalimiani

Mji uko Doaba, ile nchi iliyo kati ya mto Beas na mto Sutlej, ambayo Waingereza waliichukua 1846, miaka mitatu kabla ya kumeza Punjab iliyobaki. Kilikuwa kijiji cha udongo, reli ya tawi ikapita karibu, soko la nafaka likaota, wanaliita mandi, na watu wakaongezeka. Chini ya sheria ya miji midogo ya 1921 kikapewa kamati yake, baadaye ikawa nagar panchayat, leo ni nagar council, yaani baraza la mji, wakazi hawafiki 20,000. Upande huu wa utawala unashughulika na mitaro, taa, takataka, ramani za ujenzi na kodi ya majengo. Kuna madiwani wa kuchaguliwa wanaomchagua rais wao, na kuna afisa mtendaji aliyeletwa na serikali ya jimbo, na nani kati yao ndo bosi inategemea na siku.

Upande wa pili ni wa ardhi: patwari chini kabisa, juu yake kanungo, halafu tehsildar, mwisho Deputy Commissioner wa wilaya. Patwari ndo anashika jamabandi, kitabu cha nani ana shamba gani, kinaandikwa upya kila miaka mitano, na mara mbili kwa mwaka anakagua mazao shambani. Nakala ya ukurasa wako kwenye jamabandi inaitwa fard, siku hizi inachapishwa kwa kompyuta kwenye kituo maalum, unalipa unapewa hapo hapo. Kwa mtu wa Punjab fard ni kama title deed kwa Mkenya, neno la kwanza kumtoka mdomoni ukitaja mali.

Sasa hapa ndo penyewe. Waingereza walipopima vijiji shida yao ilikuwa kodi ya shamba. Mahali watu walipojenga hapatoi ngano, kwa hiyo hapana kodi, kwa hiyo hapana haja ya kuandika nyumba moja moja. Wakachora mstari mwekundu kwenye ramani kuzunguka makazi yote, lal lakir, na kilichomo ndani kikaandikwa kama kipande kimoja tu, makazi ya kijiji, basi. Nyumba mia tano, namba moja. Ndani ya ule mstari ulikuwa unamiliki kwa kukaa, kwa kujulikana na majirani, na kama ulinunua basi kwa hati ya mauzo. Nyumba ya babu iko ndani ya mstari. Mji ukakua ukatoka nje ya mstari pande zote, lakini mstari haukufutika.

Na kuna kichekesho kimoja. 1947 mtaa mzima wa Waislamu uliondoka kwenda Pakistan, wakaingia wakimbizi waliotoka huko kama Lyallpur na Sialkot, nao serikali ikawagawia zile nyumba tupu kwa barua, na baadaye kwa hati rasmi. Kwa hiyo leo mtaani, mjukuu wa mkimbizi ana karatasi ya nyumba, na yule ambaye ukoo wake haujawahi kuhama hana kitu.

Ilivyokwenda

Wiki chache baada ya mazishi, mtoto wa kaka yake yule mjane akahamia vyumba vya nyuma. Akasema shangazi alimwachia wosia. Wosia wenyewe karatasi moja, haukusajiliwa, mashahidi wawili, mmoja ameshakufa. Vyumba vya mbele vilibaki na kufuli ya Mzee B., ufunguo kwa jirani.

Mzee B. akamtuma binti yake, Bi R. Huyu dada ni mhasibu, anapenda kitu kiwe na namba. Akaenda kwenye kituo cha fard na jina la babu na jina la mji, wakamwambia hakuna kitu. Akarudi mara ya pili, hakuna. Kumbe mara ya kwanza hata kijiji kilikuwa sicho, maana huko majina yanajirudia, kuna Kalan na kuna Khurd, kubwa na ndogo, na kitu kinachotofautisha ni namba ya mpaka inayoitwa hadbast, kila kijiji kina yake ndani ya tehsil, yaani eneo la tehsildar. Hakuna aliyemwambia aulize hadbast. Mara ya pili kijiji kilikuwa chenyewe, ila jibu lilibaki lile lile, hakuna.

Hapo akaingia dalali. Jamaa mpole, ana ofisi ndogo karibu na ofisi ya tehsil, akasema hiyo fard ipo, imefichwa, nipe muda. Akala hela mara tatu, mwisho akaleta fard kweli, ina mhuri na kila kitu, wakashangilia Nairobi. Nilipoisoma nikaona ni kanal mbili za shamba la mtu mwingine mwenye jina linalofanana na la babu, nje kabisa ya mji. Nikampigia Bi R., nikamwambia dada, hii karatasi ni halali, shida ni kwamba haiwahusu.

Wakati huo huo hati ya uwakilishi nayo ikaharibika. Mzee hawezi kusafiri kila mara kwa hiyo alimpa binamu wa mbali mamlaka ya kumwakilisha. Ya kwanza ilipigwa mhuri na loya wa Nairobi tu, ikakataliwa, walitaka ithibitishwe ubalozini. Ya pili ikapitia ubalozi vizuri, ikatumwa, halafu yule binamu akaiweka kwenye kabati. Sheria ya stempu ya India inasema hati iliyotengenezwa nje ipigwe stempu ndani ya miezi mitatu tangu iingie nchini. Akaitoa mwezi wa tano. Tukaanza upya.

Kilichogeuza mambo ni safari ya tatu ya Bi R., ambayo nilimsihi asikanyage ofisi ya tehsil kabisa, aende manispaa aombe rejista za zamani za kodi ya nyumba. Karani akamwambia zimeliwa na mchwa. Akakaa. Akaagiza chai. Saa nane mchana karani akafungua stoo akatoa basta, lile furushi la kitambaa chekundu wanalofungia makaratasi, vumbi likaruka wote wakakohoa. Ndani rejista ya miaka ya 1930, yote kwa Kiurdu, maana enzi hizo ndo ilikuwa lugha ya ofisi Punjab, Kipunjabi cha Gurmukhi kimekuja baadaye. Pale ofisini hapakuwa na hata mmoja anayejua kuisoma. Wakamtafuta mwalimu mstaafu, mzee wa miaka themanini na kitu, akaja na baiskeli, Bi R. akamsalimia Masterji akamwekea kiti dirishani. Masterji akapitisha ukucha taratibu, mstari kwa mstari kulia kwenda kushoto, akinong'ona majina, mpaka akasimama. Jina la babu. Kazi: mistri, yaani fundi. Kodi: rupia 3 na anna 4. Na kwenye safu ya mwisho, pale pa maelezo, maneno mawili tu: yuko Afrika.

Bi R. alinitumia picha ya ule mstari saa hiyo hiyo na hakuandika kitu chochote chini yake.

Baada ya hapo mambo yakafunguka kiasi. Jirani wa upande wa mashariki, familia yake ilinunua nyumba yao 1934 kwa hati iliyosajiliwa, na hati za zamani zinataja mipaka minne. Kwenye magharibi imeandikwa nyumba ya fulani mistri. Tukapata nakala kwa msajili. Bili za stima zikapatikana kuanzia miaka ya 1970, kwa jina la marehemu mume wa mjane. Na manispaa ikatoa karatasi ya sasa ya kodi, ile wanayoiita TS-1, inayoonyesha nani anatozwa.

Maamuzi, na kwa nini

Swali kubwa lilikuwa: tumshtaki huyu jamaa wa nyuma au tuzungumze? Mzee B. alitaka korti. Alisema huyu kijana ni mwizi, na mimi sijafika umri huu nimpe mwizi nyumba ya babu.

Tukakaa na wakili wa kule kwa simu tukapiga hesabu ya urithi, na hesabu haikumpendeza Mzee. Babu alikufa 1949, nyumba ikaenda kwa watoto wawili wa kiume, nusu kwa nusu. Nusu ya baba yake Mzee B. ilishuka 1978 chini ya sheria ya urithi ya 1956, ambayo inawahusu Masingasinga pia, na hiyo inawapa mabinti sawa na wavulana. Nusu ya ami ilikwenda kwa mjane. Kama mjane hakuacha wosia, sheria hiyo hiyo inairudisha nusu yake kwa ndugu wa mume, yaani kwa kina Mzee B., na yule kijana hapati kitu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mjane alikuwa mmiliki kamili wa nusu yake, anaweza kumwandikia amtakaye. Na wosia India si lazima usajiliwe. Kwa hiyo kila kitu kinasimama kwenye karatasi moja na shahidi mmoja aliye hai, na kesi ya namna hiyo inaweza kumzika Mzee na mimi pia.

Nikamuuliza Mzee, shikamoo yangu kwanza, halafu nikamuuliza, kijana alimuuguza shangazi yake? Akanyamaza. Bi R. ndo akajibu, alimuuguza miaka miwili, sisi tulikuwa tunatuma hela tu.

Wakaamua kugawana. Ukuta wa kati ndo uwe mpaka, mbele marla 4 kwa kina Mzee B., nyuma 3 kwa kijana, na mlango wa pembeni wa kutokea uchochoroni agharamie mwenyewe. Sababu ya pili ya kuharakisha ilikuwa ya kiserikali. 2021 serikali ya jimbo ilitangaza mpango unaoitwa Mera Ghar Mere Naam, nyumba yangu kwa jina langu, kwamba waliomo ndani ya mstari mwekundu, vijijini na mijini, wapimiwe na waandikwe. Kwa mara ya kwanza tangu Mwingereza achore ule mstari mtu anakuja kuandika nani yuko ndani. Na wapimaji wakifika wakamkuta kijana mlangoni na kufuli upande wa pili, unadhani wataandika nani?

Ilipofikia

Makubaliano ya familia yaliandikwa, yakalipiwa stempu, yakasajiliwa. Wapimaji walipopita, orodha ya awali ilitoka na jina la kijana peke yake kwa nyumba nzima, kama tulivyoogopa. Pingamizi likawekwa ndani ya muda, na rejista ya miaka ya 1930, hati ya jirani, TS-1 na makubaliano yenyewe, na kijana akasimama akasema ni kweli, mbele si kwangu. Orodha ikasahihishwa. Cheti chenyewe mpaka naandika hakijatoka.

Uchambuzi wangu

Kosa la msingi lilikuwa kutafuta nyumba kwenye kitabu cha mashamba. Miaka miwili na zaidi iliishia hapo. Ukiambiwa hakuna fard kwa nyumba ya katikati ya mji mkongwe, hilo si fumbo wala hujuma, ndo jibu lenyewe. Mtu yeyote anayekuahidi fard ya nyumba iliyo ndani ya mstari anakuuzia karatasi ya mtu mwingine, na cha kuudhi ni kwamba karatasi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa. Hata kwa shamba, kuandikwa kwenye kitabu cha patwari ni kwa ajili ya kodi, mahakama za India zimerudia hilo mara nyingi, si mwisho wa ubishi juu ya nani mwenye mali.

Kuna kitu kingine ambacho karibu tukikose. Babu hakuwa mkulima mwenye kijiji. Alikuwa fundi, na kwenye mpangilio wa kijiji cha Punjab fundi alikaa kwenye kiwanja kwa ridhaa ya wenye mashamba, mara nyingi bila haki ya kukiuza. Sheria ya 1900 ya kuzuia ardhi kuhama mikono iliwafungia watu wasio wa makabila ya wakulima kununua shamba, na mafundi wengi walikuwa upande wa nje. Sidhani ni bahati mbaya kwamba wengi wa hao hao walipanda meli za kuja Mombasa. Wakili wa upande wa kijana mwanzoni alijaribu hoja hiyo, kwamba babu hata hakuwa na cha kurithisha, alikuwa mkaaji tu. Jibu liko kwenye sheria ya ardhi za pamoja za vijiji ya 1961, inayosema kiwanja kilicho chini ya nyumba ya asiye mwenye mashamba ni mali ya huyo mwenye nyumba. Kifungu kifupi, na kilinyamazisha hoja siku hiyo hiyo. Kama babu wa mteja wako alikuwa seremala, mhunzi, mfumaji au mshona viatu, kisome kabla ya kitu kingine.

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni mipaka ya hati ya jirani. Hiyo naipenda kuliko hata rejista, kwa sababu iliandikwa na mtu ambaye hakuwa na faida yoyote nayo. Watu wanapekua makabati yao wenyewe wakati ushahidi wao uko kwa jirani, unaonyesha nyumba yao ukiwa umesimama kwake.

Hati ya uwakilishi tulifeli kizembe, na lawama ni yangu nusu. Nilimwambia binamu apige stempu, sikumwambia tarehe ya mwisho. Siku hizi naandika kwenye bahasha kwa kalamu nyekundu, na nampigia mtu simu wiki ya pili, ya nne na ya nane hata akinichukia.

Mgawanyo sina uhakika kama ulikuwa wa haki, kwa karatasi kina Mzee walikuwa na angalau nusu na labda yote. Wamepata marla 4 kati ya 7 na wameokoa miaka. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Bi R. pia. Mzee B. bado anamwita yule kijana mwizi, ingawa Diwali iliyopita nasikia alimtumia hela ya kupaka rangi mbele.

Lililobaki ni dada zake wawili walioko Uingereza, ambao kwenye makubaliano walisaini kama warithi lakini kwenye pingamizi jina lililoandikwa ni la Mzee peke yake, karani alisema safu ni moja. Nimewaambia wasisubiri cheti, waombe marekebisho sasa hivi, na Bi R. ameshakata tiketi ya mwezi wa kumi na moja.